Hata Kibanda cha Uani Kina Sheria Yake

Maswali ya safari hii yametoka Pwani ya Kenya, na karibu yote ni ya vijengo vya pembeni ya nyumba. Nimeyajibu kwa Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019, inayofuatwa na kaunti.

Uani kwangu Bamburi kumebaki nafasi. Fundi asema vyumba viwili vya mabati havihitaji kibali kwa kuwa si vya kudumu. Ni kweli?

Si kweli, na siku askari wa kaunti watakapokuja kuchora X nyekundu ukutani, fundi huyo hutamwona. Sheria haibagui mabati na mawe. Ukianza kujenga bila idhini, faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili.

Kabla ya kumtafuta msanifu majengo aliyesajiliwa, toa hatimiliki kabatini uisome yote. Hati nyingi za kukodi ardhi mijini zina masharti ambayo watu huyaruka: ploti iwe ya nyumba moja ya kuishi, majengo yasizidi nusu ya eneo. Kwa sharti kama hilo, chumba cha mfanyakazi huenda kikapita, vya kupangisha vikakwama. Halafu angalia tangi la maji taka liko wapi. Kuna watu hujenga juu ya mfuniko wake, gari la kunyonya likija halina pa kuingizia mpira.

Nimeomba kibali, mwezi wa tatu huu kimya. Nianze?

Sheria iko upande wako: siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, idhini huhesabiwa imetolewa. Mimi nisingeita mafundi bado. Hakikisha una ushahidi wa tarehe ya kupokelewa kwa ombi, kisha iandikie kaunti barua ya kuikumbusha hizo siku 60, nakala ubaki nayo. Usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) ni jambo jingine, nao hauji wenyewe.

Nataka kuweka kontena la duka mbele ya nyumba. Leseni ya biashara ninayo.

Leseni inakuruhusu kuuza, haihalalishi kontena. Likiwa ndani ya ploti ya makazi, unabadilisha matumizi ya ardhi, na ombi lake hutangazwa ili majirani wapate kupinga. Likiwa nje ya ploti, hapo ni hifadhi ya barabara, usijisumbue.

Banda la kuku kumi?

Kaunti nyingi hazitakufuata kwa hilo. Jirani akilalamikia harufu, atakayebisha hodi ni afisa wa afya ya umma, kwa hiyo liweke mbali na dirisha lake.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Lamu. Twaweza kuongeza kibanda cha makuti juu ya dari?

Hapa kibali cha kaunti peke yake hakitoshi. Mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo nendeni pia kwa Makavazi ya Taifa. Mpelekeni fundi wa nyumba za kale kwanza, atazame boriti za mikoko zinazobeba dari, hasa ncha zilizoingia ukutani, maana ndiko maji ya mvua hukaa na mti huoza bila kuonekana kutoka chini. Makuti yenyewe si mazito. Uzito uko kwenye nguzo, watu na tangi la maji ambalo baadaye hupandishwa hukohuko. Na moto wa makuti haukai paa moja.

Nimeletewa notisi nibomoe banda la gari.

Hesabu siku 14 tangu uipokee. Ndani ya siku hizo peleka rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza migogoro ya upangaji ardhi. Usiporidhika, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kumtembelea afisa kwa maneno matupu si rufaa. Iandike, ipigwe muhuri wa kupokelewa.