Herufi za Morse: anza na sikio, jedwali baadaye

Umeuliza kama ukariri kwanza jedwali lote la nukta na vistari vya Morse, yaani mfumo wa kutuma herufi kwa milio mifupi na mirefu, ndipo uanze kusikiliza. Ushauri wangu ni kuliweka kando tangu leo. Aliyekariri kwa macho akisikia herufi huanza kuhesabu nukta, kisha huitafuta kwenye jedwali lililo kichwani, na akija kuipata zimeshampita nyingine mbili tatu. Mimi mambo yalinifungukia nilipoanza kuisikia kila herufi kama sauti nzima: di ni nukta (mlio mfupi), daa ni kistari (mlio mrefu), na di-daa ni A, basi.

Anza na sita zenye alama chache kuliko zote: E (di), T (daa), I (di-di), M (daa-daa), A (di-daa), N (daa-di). Kwa Kiswahili hizo tu zinakupa maneno kamili: mti, mama, tena, imani, amani. Kulitambua neno "amani" kwenye mlio mtupu kunatia moyo ajabu! Ila A na N usizianze siku moja. Moja ni kinyume cha nyingine, na sikio changa huzichanganya.

Sasa mwendo, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Herufi yenyewe usiipunguze kasi. Weka programu ya mazoezi kwenye maneno 15 hadi 20 kwa dakika, kisha refusha kimya cha kati ya herufi na herufi hadi upate nafasi ya kuandika. Herufi ikivutwa sana inapoteza sauti yake, nawe utarudi kulekule kwenye kuhesabu. Vipimo halisi ni hivi: daa moja ina urefu wa di tatu, kimya ndani ya herufi ni di moja, kati ya herufi tatu, kati ya maneno saba. Punguza kile kimya kidogo kidogo mpaka uvifikie.

Kuongeza herufi, fuata njia ya Koch: moja moja, na mpya isiingie kabla hujapata sahihi asilimia 90 ya zile ulizonazo. Ikikuponyoka herufi, acha nafasi kwenye karatasi uendelee. Ukiikimbilia utapoteza na zinazofuata.

Kifaa cha kugongea, yaani cha kutumia herufi hizo kwa mkono, usikinunue bado. Mkono ukianza kabla sikio halijaujua urefu wa daa, huzoea kuikata fupi, na kuyaondoa mazoea hayo huchukua muda mrefu.