Siku tatu Roma pamoja na mama

Dada, umeuliza kama siku tatu zinatosha kumtembeza mama yako Roma, na muanzie wapi. Zinatosha, ila msikimbizane na kila kitu.

Siku ya kwanza muwe Colosseum, ule uwanja mkubwa wa Warumi wa kale, mlango ukifunguliwa, kabla jua halijawa kali. Tiketi ile ile huwaingiza Forum, yaani magofu ya kitovu cha mji wa kale, na kilima cha Palatine; inunue mapema mtandaoni. Njia za Forum ni za mawe ya kale yaliyoinuka huku na huku, kwa hiyo mama avae viatu vya kufunga, si ndala.

Vatikani ipeni siku nzima. Makumbusho hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni bure, lakini foleni yake kwa mtu mzima ni mateso, siipendekezi. Basilika la Mtakatifu Petro halina kiingilio. Mabega na magoti yafunikwe tu, na khanga mbili mkobani zitawasaidia sana.

Siku ya tatu nendeni Pantheon, hekalu la kale la Warumi. Kuba lake la zege lina karibu miaka 1,900 na katikati liko wazi, mvua ikinyesha inaingia ndani! Hatua chache kutoka hapo lipo kanisa la San Luigi dei Francesi, lenye picha tatu za mchoraji Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo, bure kabisa. Mkae hapo kwa utulivu, mama apumzike.

Maji msinunue. Bebeni chupa, mjaze kwenye mabomba ya barabarani. Ni safi na ya baridi.