Wifi anakula vibichi tu na anataka taco, nimpe nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi niko Mikindani, wifi yangu anakuja kutoka Dar kukaa wiki nzima, sasa huyu siku hizi hali nyama, samaki, maziwa wala mayai, na kitu kikipita motoni hataki, halafu anapenda mno vyakula vya Meksiko. Nimewaza nimpe korosho mbichi kabisa za shambani kwetu, maharage niloweke tu bila kupika, na mhogo mbichi. Itafaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenishtua kidogo, ngoja nianze na hizo korosho.

Ile korosho yenye ganda usiibangue kwa mkono ukampa mtu, tafadhali sana. Ganda lina mafuta makali yanaunguza ngozi na midomo, waulize kinamama wanaobangua watakuonyesha vidole vyao. Hizi nyeupe tunazonunua na kuziita mbichi, ganda lake kwa kawaida lilishapashwa moto au mvuke kabla ya kubanguliwa, kwa hiyo mwambie wifi ukweli asije akadhani hazijaguswa na moto, wengi wa vibichi wanazikubali tu. Nunua vipande, ni rahisi kuliko nzima na kwa kazi yetu ni vilevile.

Maharage hapana, hasa yale mekundu. Kuloweka peke yake hakutoi sumu yake, lazima yachemke hasa, la sivyo mgeni atatapika usiku kucha. Mhogo najua wote tumetafuna mtamu tangu utotoni, lakini kuufanya mlo wa kila siku sikushauri, na ule mchungu usiuguse kabisa bila kuandaliwa.

Sasa taco, yaani chapati ndogo inayokunjwa na kujazwa nyama na mboga. Kule Meksiko chapati yake ni ya mahindi yaliyochemshwa na chokaa, kwa hiyo na yenyewe imepikwa, wewe chukua majani ya kabichi yale ya ndani yanayojikunja kama bakuli. Kwenye nafasi ya nyama loweka kikombe 1 cha korosho masaa 4, mwaga maji, twanga kwenye kinu na karoti, nyanya, kitunguu swaumu, bizari nyembamba, pilipili na chumvi, usilainishe, iache na chengachenga maana ukisaga sana inakuwa uji na jani halina cha kushika. Parachichi liponde na ndimu, kitunguu na giligilani, hiyo ndiyo guacamole yenyewe, na juu yake kachumbari yetu hii hii, wenzetu wa kule nao wana ya kwao ya nyanya, kitunguu, pilipili na ndimu, sisi na wao hapo hatupishani sana. Krimu: saga korosho zingine zilizolowekwa kwa nusu kikombe cha tui zito na ndimu 1. Tui likamue kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, sio ya moto.

Kama embe zipo, embe bichi kwa pilipili na chumvi mpe wakati anasubiri. Watoto wetu wanakula hivyo shuleni na Meksiko wanauziwa hivyo hivyo barabarani, mimi hilo linanifurahisha kuliko yote.

Usafi ndio unaoniumiza kichwa. Hapa hakuna moto wa kuua vijidudu, kwa hiyo osha kila jani moja moja kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kisu na ubao wa samaki usivitumie, na kwa joto letu hili chakula kisikae mezani zaidi ya masaa 2. Ikibaki iende friji, kesho mmalize.

Halafu muulize kwa upole kama anapata vitamini B12, kwenye mboga na matunda haipo ya kutegemea, anatakiwa ameze vidonge au ale chakula kilichoongezewa. Kama ana mimba au ananyonyesha aongee na daktari kabla hujaanza hata kuloweka.