Usijaze betri Lushoto kabla ya kushuka Mombo

Ndugu zangu mnaobeba mboga kwa magari madogo ya umeme, ukipakia kabichi na karoti Lushoto usiondoke na betri iliyojaa asilimia 100. Najua mazoea yetu ni kujaza tangi kabla ya safari. Lakini kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33, unashuka zaidi ya mita 900, na sehemu kubwa ya njia mota inakuwa jenereta. Ukiachia pedali, magurudumu yanaizungusha, umeme unarudi kwenye betri na gari linapungua mwendo bila kukanyaga breki. Ni kazi ileile ya maji ya Mto Pangani kwenye kituo cha umeme cha Hale: uzito unashuka, mashine inazunguka.

Betri ikiwa imejaa, umeme huo hauna pa kwenda. Gari linaukataa lenyewe, lile zuio ulilozoea linapotea, na tani mbili za gari na mzigo zinabaki mikononi mwa pedi za breki kwenye kona za Soni.

Utingo wangu hupenda kuniambia, "Kaka, tungoje ijae kabisa." Jibu namwonyesha tukifika Mombo. Tukisimama, nasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele bila kuigusa. Tukishuka na nafasi kwenye betri, joto lake ni la kawaida. Tukishuka kwa kukanyaga breki, joto linakupokea kabla mkono haujafika, na harufu ya pedi unaisikia ukiwa bado umekaa kwenye usukani. Mimi huchomoa waya betri ikiwa asilimia 80 au 85, nateremka na lever ikiwa kwenye B, ambapo mota huzuia zaidi, taratibu.

Usitarajie miujiza, lakini. Tani 2 zikishuka mita 900 zina nishati ya kama uniti 5 za LUKU (uniti moja ni kilowati-saa moja). Toa inayoliwa na matairi, upepo na joto la mota, inayofika kwenye betri ni uniti mbili tatu. Anayekuuzia gari akikuambia litajichaji lenyewe barabarani, mwulize mlima ulipandwa kwa umeme wa nani. Faida kubwa ya mteremko ule, kwa maoni yangu, ni breki zinazobaki baridi. Hilo peke yake linatosha kunifanya nilipende gari hili.

Sasa muda wa kuchaji. Gari langu ni Nissan e-NV200 ya mtumba kutoka Japani, betri ya kilowati-saa 40, na linalala Korogwe. Kwenda Lushoto na kurudi na mzigo linahitaji uniti 25 hivi, na kwa kuwa chaja nayo inapoteza kidogo, mita itasoma karibu 28. Kwa T1, bei ya TANESCO ya matumizi ya kawaida, hiyo ni kama shilingi 10,000. Kama nyumba yako iko kwenye bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, jua kabisa kwamba gari litakutoa huko.

Soketi ya kawaida ya ukutani inatoa kilowati 2 na kidogo. Uniti 28 hapo ni saa 12 nzima. Ukianza saa nne usiku, majirani wakishamaliza kupika na umeme umetulia, alfajiri bado hujamaliza. Ndiyo maana nasisitiza laini yake peke yake kutoka kwenye sakiti breka, waya mnene, na fundi umeme anayejua kazi. Kwa kilowati 6, saa tano zinatosha. Ila angalia kwanza chaja iliyomo ndani ya gari: nyingine mwisho wake ni kilowati 3, na hapo waya mnene hauongezi kasi. Ekstensheni iliyokunjwa usiitumie hata usiku mmoja. Baada ya nusu saa ya kuchaji shika plagi. Ikichoma mkono, zima.

Wanaosambaza mikate na soda mjini Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, mambo yenu ni tofauti. Mji ni tambarare, umeme unaorudi ni ule wa kusimama duka kwa duka, na soketi ya kawaida huenda ikawatosha. Tatizo lenu ni chumvi ya bahari. Breki zisipotumika, diski zinashika kutu, na siku utakayozihitaji kwa nguvu zitakuwa zimekwaruzika. Kila asubuhi, barabara ikiwa tupu, weka lever kwenye N, mota isizuie, na kanyaga breki imara mara mbili tatu mpaka mkwaruzo usisikike.

Na kule milimani mvua ikinyesha, punguza mwendo kabla ya kona. Kwenye gari hili zuio la mota linashika magurudumu ya mbele tu, na mzigo wote uko nyuma. Ukiachia pedali ghafla kwenye tope, mbele inateleza. Viazi na kabichi vipange karibu na ukuta wa dereva, mchicha uende mlangoni.