Baiskeli kushoto, mwenda kwa miguu kulia
Je, mwenye baiskeli, hasa ya umeme, naye aende akiyatazama magari yanayomjia? Hapana, "tembea ukiyatazama magari" ni kanuni ya waenda kwa miguu pale ambapo hakuna njia yao. Baiskeli, ya umeme au ya kawaida, hukaa kushoto na kufuata uelekeo wa magari, Tanzania na Kenya pia.

Piga hesabu: gari lina spidi 50, wewe 15. Mkielekea upande mmoja linakukaribia kwa 35, hivyo mita 40 ni kama sekunde 4. Mkikabiliana ni 65, sekunde 2 na kidogo tu. Mwenda kwa miguu akiona hatari anaruka pembeni. Wewe na baiskeli unaruka nayo wapi?

Balaa kubwa liko kwenye makutano. Dereva anayetoka barabara ya mtaani akikata kushoto anaangalia kulia, maana ndiko magari yanakotoka. Ukimjia kutoka kushoto hakuoni mpaka upo mbele ya bampa.

Ila kushoto si kubana ukingoni kabisa, kwenye mchanga na lami iliyomeguka. Acha karibu mita moja, na nafasi kama hiyo ukipita gari au daladala iliyosimama, mlango hufunguka ghafla. Na mwenye ya umeme: haina mlio, piga kengele mapema, si ukiwa mgongoni mwa mtu.

Ikikulazimu kwenda kinyume kidogo, shuka, kokota.