Mkono wa kulia kwanza

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa na mama yako barazani, tukipokezana miwani. Unasema hapo hospitalini kwenu Utrecht yuko mama mmoja ambaye kazi yake ni kukaa na wagonjwa mahututi. Si padri wala si imamu. Anaitwa mhumanisti, yaani anamtukuza binadamu bila kutegemea dini, na wagonjwa wanamwulizia. Wenzako wa msikitini wanakuambia utu usio na Mungu ni mti usio na mizizi. Wa kazini wanakuambia dini ndiyo inayomzuia mtu kuwa mtu kamili. Nawe unauliza: "Baba, nimsikilize nani?"

Naona wote wamezidisha. Tuanze na hao wa kazini, maana nimesoma habari zao kidogo tangu uondoke.

Waliokutana Amsterdam mwaka 1952 na kuunda umoja wa wahumanisti wa dunia hawakuja kukejeli dini za watu. Kiongozi wao mmoja, Jaap van Praag, alikuwa Myahudi wa Uholanzi aliyeishi mafichoni wakati Wajerumani walipoikalia nchi yake na kuwasomba Wayahudi wenzake kwenda kuuawa. Vita vikaisha 1945. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha wahumanisti wa nchi hiyo. Mtu aliyepita hapo, akataka thamani ya binadamu isimame yenyewe bila kungoja idhini ya kitabu cha yeyote, mimi simwiti mpotofu. Na hapo hapo mjini kwenu kuna chuo kikuu kilichoanzishwa 1989 kinachofundisha watu kazi kama ya huyo mama. Hilo si jambo dogo.

Lakini wakumbushe kwamba kumtukuza binadamu hakukuanza kwa ugomvi na Mungu. Erasmus wa Rotterdam, Mholanzi mwenzao na mmoja wa wahumanisti wa zamani, alikuwa padri, na mwaka 1516 alichapisha Agano Jipya la Kigiriki ili wasomi wanywe kwenye chemchemi yenyewe. Huku kwetu, Kaunda, mtoto wa mhubiri, mwaka 1967 aliitangazia Zambia siasa aliyoiita kwa jina hilo hilo la uhumanisti, na imani yake kwa Mungu hakuificha. Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, akasisitiza kwamba serikali haina dini. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU tuliikariri Waislamu kwa Wakristo: "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja." Sikumsikia sheikh wala padri akisema amenyang'anywa kitu.

Sasa huo mti usio na mizizi. Hapa nikusimulie jambo ambalo sijakusimulia.

Nilikuwa nesi kijana. Wakaletwa majeruhi wa ajali, mmoja wao utingo wa lori, akafia mikononi mwetu. Siku tatu hakuna aliyekuja kumtafuta, na umeme ulikuwa umekatika. Unajua mwenyewe hali ya maiti katika joto letu. Mfukoni mwake mlikuwa na tasbihi, punje zake za mbao zimelainika kwa kushikwa. Nilikuwa sikosi swala, na nilisimama mlangoni pa mochwari na leso puani, nikisubiri aje mtu mwingine.

Mhudumu wa mochwari alikuwa mzee wa bara. Alibatizwa utotoni, akaacha kanisa, na hakuficha kwamba haamini lolote. Aliitazama ile tasbihi, akaniita: "Wewe ni wa dini yake. Mnaanza na mkono upi?"

Nikamjibu, wa kulia.

"Basi njoo unielekeze."

Nikaingia. Mimi nilishika kata, yeye akapitisha kitambaa polepole, kucha kwa kucha, kama anamwosha mtoto anayeogopa maji. Majani ya mkunazi alikwenda kuyachuma mwenyewe nyuma ya jiko. Karafuu maiti aliinunua kwa pesa yake. Mafakihi watakuambia josho hilo lina mjadala, na wana haki ya kujadili. Mimi ninachokijua ni kwamba yule mzee hakuamini kuna anayemwona, na bado hakuruka hata kidole kimoja.

Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba asiye na dini hana utu, mimi siwezi kumuunga mkono. Nilikuwapo.

Wala usidhani baba yako amehama. Nikijiuliza kwa nini utingo yule asiye na ndugu alistahili maji safi na sanda, jibu langu liko katika Suratul Israa, aya ya 70, Mwenyezi Mungu anaposema amewatukuza wanadamu. Wanadamu, Zuhura, hakusema waumini peke yao. Huo ndio mzizi wangu. Yule mzee sijui wake ulikuwa wapi, ila kivuli cha mti wake nilikaa chini yake. Kwangu mimi, utu usio na Mungu unawezekana, lakini unambebesha mtu mzigo wote peke yake, hata usiku ule anapochoka. Hapo ndipo mimi na wahumanisti tunapoachana, na sioni sababu ya kuficha.

Miaka mingi baadaye mzee aliugua. Nilikwenda kumwona jioni, nikamkuta amekonda, sauti imefifia. Kabla sijaketi vizuri akaniambia, "Usinisomee dua. Kaa tu." Nikakaa. Nilimshika mkono, nikamsimulia habari za wodini, nani kahamishwa na nani kaoa, mpaka akasinzia.

Dua nilikwenda kumwombea nyumbani, mlango nimeufunga. Mama yako mpaka leo ananiambia kwamba hata hivyo nilivunja ahadi. Mwulize huyo mama wa hapo hospitalini yeye anaonaje, kisha uniandikie.

Wassalamu alaykum,
Baba yako