Shimo lipo tayari, tumwage taka tu?

SWALI: Habari za kazi. Niko kwenye kamati ya kutafuta eneo la dampo jipya, la zamani limejaa mpaka taka zinamwagikia barabarani. Tumepata machimbo ya kokoto yaliyoachwa, shimo refu kweli, karibu wote tunaona tumeokota maana hata kuchimba hatuchimbi. Mjumbe mmoja tu ndo anakataa, anasema eti maji, na wakati pale hakuna mto wala bwawa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Huyo mmoja. Mto mngeuona kwa macho, anachoongelea yeye ni maji ya chini ya ardhi. Taka zikinyeshewa zinachuja maji meusi yenye kila uchafu, sasa kokoto zinatoka kwenye mwamba, na mwamba uliopigwa baruti una nyufa kibao, yale maji yakishaingia kwenye nyufa hamtajua yametokea kisima cha nani. Halafu shimo lenyewe limeshawasogeza karibu na maji, huo urefu mnaousifia ndo ubaya wake.

Kinachotafutwa ni udongo wa mfinyanzi, mzito, usiopitisha maji. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1999 inataka chini ya taka za kawaida pawe na tabaka la angalau mita 1 la udongo ambao maji yakipenya yanatembea kama sentimita 3 tu kwa mwaka, taka za sumu mita 5, na juu yake bado inatandikwa karatasi nzito ya plastiki na mabomba ya kukusanya yale maji meusi. Kwa hiyo chimbeni visima vya majaribio, na mpime maji ya chini yako kina gani wakati mvua zinaishia, sio kiangazi, kiangazi maji yanashuka mnadanganyika (hii nimeona watu wazima na digrii zao wanaikosea).

Ukubwa nao pigeni hesabu mapema. Tuseme mnazalisha tani 100 kwa siku na tani 1 ikishindiliwa inakaa kwenye mita za ujazo 1.25, kwa miaka 20 hiyo inapita laki 9, bado udongo wa kufunikia.

Mengine mnayajua, upepo usipeleke harufu kwenye makazi, pasiwe bondeni panapofurika, lori lifike hata masika. Ila uwanja wa ndege watu wanausahau: ndege wa angani wanafuata taka, ndege za abiria zinakutana nao. Marekani wanataka dampo likiwa ndani ya kilomita 3 hivi kutoka uwanja wa ndege za jeti lithibitishe kwanza kwamba halitaleta hatari hiyo.

Kabla ya kikao kijacho nendeni pale machimboni kukiwa kukavu, mvua hazijanyesha muda mrefu. Mkikuta maji yametuama chini ya shimo hata wakati huo yameshuka, basi shimo limeshafika kwenye maji ya ardhini, msipoteze hela ya vipimo, tafuteni pengine.